Mi na Fa

Kilo kumi na tatu na robo.
Nilikipima kinanda cha Derna kwenye mizani ya buchani,
na Gualtiero, kisu mkononi, akaniuliza
kama nataka akikate vipande.
Nilicheka. Kumbe alikuwa amenipa kazi.

Mzigo wa mwenzio, kanda la usufi.
Miaka sita nachora vinanda hapa Castelfidardo,
mji wa akodioni, vichochoro vinanukia gundi na nta,
na sijapata kupandisha hata kimoja ngazini
mvua ikinyesha, stendi kwapani,
bibi harusi akingoja.
Derna amepandisha. Loreto, Osimo, Numana,
misa ya asubuhi, dansi ya usiku,
na kifundo cha mkono wake kimezongwa bandeji
iliyogeuka rangi ya maziwa yaliyochacha.

Nikamwambia: tandaza kiganja.
Nikakifuatisha kwa penseli juu ya karatasi ya kufungia nyama.
Shibiri yake haifiki oktava
ila kidole cha mwisho kijivute hadi kano zilie.
Futuri yake fupi, dole gumba limepinda
kama mtu aliyezoea kuinama mlangoni.
Nikabaki na rula yangu, naona haya.

Shibiri ya nani hii tuliyoirithi?
Ni bwana gani, mrefu wa vidole,
aliyenyoosha mkono siku moja mbele ya seremala
ukawa sheria,
naye akaenda zake kula chakula cha mchana?
Tangu hapo mikono mingine yote
ni mikono iliyokosea.

Basi nikaanza kukata.
Kila kibonye cheupe nikakinyoa milimita mbili,
unene wa sarafu.
Chuma nikakitoa. Spika moja nikaitoa.
Betri nikaisogeza katikati, pale mkono unapobebea.
Kikabaki kiuno.
Kinanda kilichonyooka humkunja mtu vifundo
kama anayesukuma kabati;
nilitaka kivunjike, kiteremke huku na huku
mfano wa paa, mikono ije juu yake
jinsi inavyolala mapajani ukiwa huna la kufanya.
Nazzareno, fundi wa mivukuto, alitazama mchoro,
akavua miwani, akasema:
hicho ni kiti cha ufukweni.

Lakini kivunjikie wapi?
Vibonye vyeusi vimejipanga kama vigingi vya ua,
popote utakapopasua utakata kimoja.
Kuna pengo mbili tu katika oktava nzima
ambapo vyeupe viwili hukaa bila cheusi kati yao.
Nikachagua hili: mi na fa.
Itamke haraka, utasikia mtu analalamika.
Hapo nikatia bawaba.

Kilo nne na nusu.
Gualtiero akasema sasa ni kama mguu wa kondoo.

Numana, Jumamosi ya pili ya Mei,
watu wamesimama, maharusi wako mlangoni,
na ule waya niliouamini,
uliokunjwa na kukunjuliwa majira yote ya baridi,
ukakatika. Fa ikafa.
Derna hakusita. Kila zamu ya fa ilipofika
aliiimba mwenyewe, mdomo nusu wazi,
na wageni wakadhani ndivyo wimbo ulivyotungwa.

Jumatatu nilikuwa nimeinamia skrubu
mlango ukagongwa.
Karakana yangu iko ghorofa ya tatu. Siku zote humsikia
akitua mzigo ghorofa ya pili, akihema, akilaani
mwenye nyumba, mimi, na aliyebuni ngazi.
Safari hii sikusikia kitu.
Nilifungua: amesimama,
kinanda kimekunjwa kwapani kama mkate,
kifundo chake kitupu, kimepauka pale bandeji ilipokuwa.

"Fa," akasema, akanikabidhi.
"Na usiiongezee hata gramu."